Group ya matanga ilikuwa encrypted, lakini polisi walinisomea kila neno

Wakuu, nawasalimu kutoka Kisumu. Haya yamenipata mimi mwenyewe. Majina nimebadilisha, mengine yote ni vile yalivyokuwa.

Binamu yangu Onyi alipigwa risasi siku ya maandamano. Hakuwa anaandamana. Alikuwa amesimama kwa kibanda cha chai cha Atieno, kikombe mkononi. Atieno alimwona vizuri polisi aliyefyatua.

Sasa, mimi ndiye mtu wa kompyuta kwa familia yetu. Msicheke, natengeneza printer na kuuza laptop za mtumba. Siku hizo kila mtu alikuwa anabishana kuhusu ule mswada wa kulazimisha kampuni za app kuifungulia serikali meseji zetu. Nikaamua mipango ya mazishi haitapitia group ya kawaida. Nikahamisha watu wote kwa app inayosifiwa kwa usiri.

Nikawahutubia kabisa: end-to-end encryption, hata serikali haiwezi kusoma.

Mama Onyi akaniamini. Akamwomba Atieno aeleze alichoona mle ndani, wakili wetu asikie. Atieno akatuma voice note ya dakika nne, analia.

Siku mbili baadaye nikaitwa kituoni. Afisa mmoja mpole akanivutia kiti, akatoa simu yake, akaanza kunisomea. Nani analeta hema nyumbani Pap Onditi. Nani atapika. Kisha akabonyeza, nikasikia sauti ya Atieno.

Nikasukuma kiti nyuma, wakuu.

"Mmevunja encryption?" nikauliza.

Alicheka mpaka akafuta macho. "Kuvunja nini, bwana? Si ni wewe ulinikaribisha?"

Akanigeuzia simu. Jina lake kwa group: Classmate wa Onyi.

Hapo ndipo nikakumbuka. Kwetu tangazo la kifo siku hizi halikamiliki bila link ya group. Ile link niliibandika mwenyewe kwa bango la Onyi, likasambaa kutoka Sondu hadi Maseno. Na matangani humuulizi mtu yeye ni nani. Amekuja kulia na wewe, mkaribishe.

Huyu jamaa alikuwa anaandika "Poleni familia" kila asubuhi, kabla hata ya wajomba. Bidii yake ilinigusa, nikamfanya admin. Mimi huyu huyu!

Akinisindikiza mlangoni akasema, bado kwa upole, "Hiyo mswada ikipita, hata hautasumbuka kunikaribisha."

Nilienda mbio hadi kwa Atieno. Kibanda kimefungwa, jiko baridi. Jirani akaniambia wanaume wawili walikuja kumuuliza maswali, na walipoondoka tu akabeba mtoto akaenda. Simu yake haipatikani mpaka leo.

Mama Onyi hakunifokea. Aliniita mtoto wake, kama kawaida. "Nyathina, si ulituambia hakuna mtu anaweza soma?"

Natamani angenitukana.

Nilichojifunza: mswada tuupinge, mimi naupinga zaidi kuliko jana. Lakini kabla hujajivunia encryption, angalia kwanza umewakaribisha akina nani ndani.

Onyi tumemzika. Ile voice note bado iko kwa simu yangu, na ndiyo ushahidi pekee tulio nao. Nikiipeleka kortini, Atieno atatafutwa mpaka apatikane. Nikiifuta, Onyi amekufa bure. Mama yake amesema niamue mimi, kwa sababu mimi ndiye mtu wa kompyuta.

Mngekuwa mimi, mngefanya nini? Niambieni hapa hapa, wazi. Inbox siamini tena.