Maana ya Kurudishia

Wajukuu zangu wanaosoma Kibiti hunipigia simu kuniuliza maneno ya kilimo. Mengi nayajibu upesi. Kitalu ni mahali pa kukuzia miche. Kupandikiza ni kuing'oa miche hiyo na kuihamishia shambani. Ila wakiniuliza kurudishia, nakaa chini kwanza.

Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu tulilima mpunga upande wa Mbuchi. Huku kwenye delta, bahari ikijaa husukuma maji ya mto hadi mashambani. Mvua zikikolea maji hayo huwa matamu, na mkulima hufungua tuta yaingie. Mvua zikichelewa, huja na chumvi. Kwa hiyo mtu huchota kwanza kwa kiganja, akaonja.

Mimi niliyaona yana tope, nikaamini ni ya mto. Nikafungua. Siku chache baadaye miche ilikauka ncha, kisha sehemu yote ya bondeni ikafa. Kitalu chetu kilikuwa kitupu, na chakula cha mwaka mzima tulikitegemea hapo.

"Uliyaonja?" mke wangu akauliza.

"Niliyaonja."

Akaniamini. Akamwita dada yake, ambaye kitalu chake kilikuwa bado na miche ya ziada. Shemeji alizunguka shamba, akang'oa mche mmoja, akaugeuzageuza.

"Kama maji yalikuwa matamu, basi huu ni ugonjwa," akasema. "Siwezi kuleta miche yangu ije kufia hapa."

Akaanza kuondoka. Mke wangu hakumzuia. Alisimama tu akilitazama lile bonde. Hapo ndipo nikasema, "Shemeji, sikuonja."

Akageuka. "Makubwa haya. Sisi wali tunautia chumvi jikoni, mwenzetu unautia ungali mpunga?"

Mke wangu alicheka mpaka akajifuta machozi, ingawa siku mbili zilizofuata hakusema nami zaidi ya salamu.

Tukayatoa yale maji bahari ilipokupwa, tukangoja mvua ioshe udongo. Kisha shemeji akaja na majirani zake, kila mmoja na mafungu ya miche kichwani. Wakaingia topeni, wakapanda tena pale palipokufa tu, bila kugusa iliyopona. Huko ndiko kurudishia.

"Shemeji, nyoosha mstari," alinifokea mchana kutwa, "au nao hukuuonja?"

Mpunga ule wa pili ulichelewa kukomaa, tukavuna mara mbili katika shamba moja. Haukuwa mwingi, lakini ulitufikisha mavuno yaliyofuata, na mtoto wetu wa kwanza, mama wa hawa wanaonipigia simu, alizaliwa tukiula.

Najuta kumdanganya mke wangu kuliko ninavyoijutia ile miche. Shemeji yu hai, na miguu sasa inamsumbua. Kila nikivuna humpelekea mchele, naye huupokea na kunikaripia kwamba haukupepetwa vizuri. Nakaa palepale barazani kwake, naupepeta upya.