Kidole cha Mama Shemasi

Kanisani Igombe, waumini wanamkemea shetani kwa sauti, lakini kidole cha mama shemasi wanakiogopa kimyakimya. Mahubiri yakianza tu, anavua viatu na kupita kati ya mabenchi kwa hatua za paka, na kila anayesinzia anadungwa begani, kisha anapewa pipi ya mnanaa kana kwamba aliiomba. Mwalimu mkuu huwa anadungwa. Mke wa mchungaji naye haachwi.

Jumapili moja Luhende, mvuvi wa dagaa, aliingia moja kwa moja kutoka ziwani, akakaa benchi la mbele na kuanza kukoroma. Mama shemasi alifika, akainua kidole, akakishusha. Akakunja kitenge chake, akamwekea Luhende chini ya kichwa.

“Mama, na huyo je?” mchungaji akanguruma kwenye kipaza sauti.

“Amekesha kazini, Mchungaji. Hata Bwana Yesu alilala chomboni.”

“Na wanafunzi wakamwamsha!”

“Kulikuwa na dhoruba,” alijibu kwa upole. “Wewe punguza tu sauti.”

Mchungaji akamalizia mahubiri kwa kunong’ona. Ikabidi kanisa zima litege sikio, na mama shemasi akarudi nyumbani na pipi zake zote.