Futi, Tende na Tumbo la Njiti

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, anayemlea mtu ndani ya giza tatu za tumbo la mamaye, na akitaka humtoa kabla ya siku tulizozihesabu sisi. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Mimi ni nesi mstaafu, nakaa Nguvumali. Manesi vijana wameniomba niandike jinsi tulivyowatazama watoto njiti, yaani waliozaliwa miezi haijatimia.

Nililetwa wodi ya njiti kutoka kituo cha afya upande wa Pongwe, nilikozoea watoto wanaolia hadi barabarani. Hawa walikuwa wadogo, kimya, ngozi nyembamba hadi mishipa inaonekana. Siku hiyo ya kwanza Matroni, mama wa Kishambaa asiyekosa ibada ya Jumapili, alinipa futi laini ya fundi cherehani, akaniambia nipime tumbo la mtoto wa kwanza. Nikapima, nikamsomea.

"Umepima mtoto au umepima nepi?"

"Mtoto, Matroni."

"Basi mtoto huyo kazaliwa na pamba kiunoni."

Wenzangu wakacheka, nami nikafungua nepi nikapima upya. Futi hupita juu ya kitovu, kwenye ngozi tupu, kabla ya mtoto kulishwa, saa ile ile kila siku. Tulihangaika hivyo kwa sababu utumbo wa njiti haujakomaa. Huweza kuvimba, ukashambuliwa na vijidudu, na sehemu yake ikafa. Ukitoboka, mtoto huhitaji upasuaji, na wengi hatukuwahi kuwarudisha kwa mama zao. Dalili za mwanzo ni ndogo: tumbo kujaa, matapishi ya kijani, damu kidogo chooni. Maziwa ya mama, hasa dang'a, yale mazito ya mwanzo, humkinga sana, ingawa hata aliyenyonya kwa mama tu huweza kuugua.

Nilikuwa mwepesi wa kufoka. Mwaka wangu wa pili nilimkuta bibi mmoja akimpa mjukuu maji ya sukari, nikamsema mbele ya wodi nzima hadi akalia. Matroni aliniita pembeni.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Hatarudia."

"Atarudia, ila hutajua. Leo umewafunga midomo mabibi wote wa wodi hii."

Niliona ananionea. Haukupita muda mrefu akaletwa Salum, njiti wa kiume. Mamaye alikuwa amepasuliwa, bado amelazwa wodi ya wazazi, basi aliyekaa na mtoto mchana ni bibi yake, Bi Zuhura, aliyevuka bahari kutoka Pemba. Siku ya tano futi iliongezeka sentimita mbili, na chooni mlikuwa na damu. Daktari wa watoto alimgusa tumbo, akaagiza picha, dripu, dawa za kuua vijidudu, na mpira mwembamba kupitia puani hadi tumboni, wa kutolea hewa na uchafu.

"Na mdomo ufungwe," alisema. Maana yake, asipewe chochote, hata tone la maziwa, ili utumbo upumzike. "Kuna alichopewa?"

Nikawatazama mabibi. Kila mmoja akatazama kanga yake.

"Hakuna," akajibu Bi Zuhura.

Siku mbili tumbo halikushuka. Daktari akasema likiendelea hivyo atamwita daktari wa upasuaji, na kwa uzito ule mdogo wa mtoto hakuwa na matumaini makubwa. Asubuhi ya tatu nilivuta uchafu kwenye mpira, yakaja majimaji ya kahawia yenye nyuzi nyuzi. Nikayanusa. Tende.

Damu ilinipanda. Bi Zuhura alikuwa palepale, tasbihi mkononi, midomo ikicheza. Neno kali lilishafika kwenye ulimi. Nikakumbuka lile la Matroni, nikalimeza. Nikavuta kigoda, nikakaa chini yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimesoma chuo cha Kurani kama wewe. Najua mtoto akizaliwa kwetu huonjeshwa tende, na ni jambo jema. Salum ameonjeshwa?"

Akaweka tasbihi mapajani. Kisha machozi yakamtoka.

"Siku ile ya kwanza nilimpaka kidogo. Hawa waliposema asile, mie nikasema, mtoto huyu atakufa na njaa, na mama yake hana habari. Nikawa nachovya kidole kwenye maji ya tende, namtilia. Leo pia. Wangu, nimemuua?"

"Sijui ugonjwa ulitoka wapi, bibi, na simwambii mtu kuwa ni tende. Anayejua ni Mungu. Lakini utumbo wake una kidonda, na kila tone linapita juu ya kidonda. Hana njaa. Chakula chake ni hii dripu."

Akaiangalia dripu kwa mara ya kwanza. "Hiki ndicho chakula? Mbona hamkusema?"

Kweli, hatukusema. Tuliamuru tu. Nilimweleza daktari yote. Naye, Mungu amlipe, hakumfokea. Tangu hapo Bi Zuhura ndiye aliyenikumbusha saa ya futi. Siku ya kwanza tumbo lilisimama palepale. Ya pili likapungua nusu sentimita, akasujudu pale pale sakafuni. Daktari wa upasuaji hakuitwa. Siku za kupumzisha utumbo zilipotimia tulianza na maziwa ya mama yaliyokamuliwa, tone kwa tone, na mabibi wapya walipofika, yeye ndiye aliyewaambia: "Semeni mlichompa. Huyu nesi hafoki." Alinistiri, mimi nilikuwa nafoka.

Miezi baadaye, Salum alipokwisha kuanza uji, Bi Zuhura alimleta wodini. Alikuwa na kisahani kimefunikwa kitambaa, na ndani yake tende moja.

"Nimesubiri," akasema. "Sasa?"

Nikamwita Matroni aje ashuhudie, Mlutheri yule, akasimama nasi huku bibi akimpaka mjukuu wake na kumwombea.

Nimestaafu, na futi ile ninayo, tarakimu zimefutika. Ninyi mna mashine nzuri kuliko zetu. Pimeni kwa hizo, kisha mkae chini mkamuulize bibi.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu akupe subira ya kuuliza na ulimi wa kumtuliza mwenye hofu, akulindie kila mdogo aliye mikononi mwako. Amin.