Siku Shosho Alipomfundisha Nesi

Juzi, kwenye duka la dawa pale mtaani Section 58, msichana wa kaunta alimwambia mzee mmoja, "Sasa nieleze vile utakunywa hizi dawa." Nikajikuta nimerudi Njoro ya utotoni mwangu, katika zahanati iliyonuka spiriti na gambuti zenye samadi.

Shosho, nyanya yangu, alikuwa ameanguka shambani. Dawa zake za presha alikuwa akizinywa siku ya kuumwa na kichwa tu. Nesi alimweleza polepole, kisha akasema, "Haya shosho, nifunze mimi. Utazinywa aje?"

Nilishtuka. Nilidhani nesi amesahau kazi yake. Shosho, ambaye hakuwahi kukanyaga darasani, aliketi wima, akainua kidole.

"Moja asubuhi nikishakamua. Moja jioni nikishakamua. Hata kama siumwi. Kwani ng'ombe hungoja kichwa kiniume ndio nimkamue?"



Leo najua nesi alikuwa akihakikisha tu kwamba shosho ameelewa. Lakini tulipokuwa tukitoka, nilimsikia nesi akimwambia mama aliyetufuata kwenye foleni, "Kunywa ukishakamua, mama. Ng'ombe hangoji kichwa kikuume."