Lori la Malale

Mimi ni mwoga. Nasema mapema usije ukanisubiri nifanye ushujaa humu. Naogopa ng'ombe wa watu, naogopa radi, na miaka ile, Uhuru ukiwa bado mbichi, niliogopa lori la malale kuliko hivyo vyote.

Lilikuja siku ya soko. Tulikuwa tukiishi upande wa Ndhiwa, ukingoni mwa bonde lenye vichaka na mbung'o, yule inzi anayekuuma akakuachia ugonjwa wa kulala. Watu wa serikali walishuka, wakatandika meza, wakakuchoma kidole, damu yako ikatazamwa kwa darubini. Ukiwa huna kitu, nenda zako. Ukiwa na malale, unapandishwa lori palepale mbele ya umati, mkeo anakimbia nyuma na blanketi, na wewe unapelekwa hospitali ya mbali. Hatukuwahi kumwona aliyerudi. Jamaa zao walingoja, wakachoka, wakalia, wakanyoa vichwa. Kwetu kunyoa kichwa chote kwa wembe ilikuwa alama ya msiba.

Chifu akaitisha baraza, akasema atakayemkimbia daktari atatozwa faini, na akirudia atalala ndani. Basi soko lililofuata, lori liliposikika tu kule mlimani, wote mbio vichakani. Mimi nilikuwa mbele, tena na kikapu cha samaki kichwani. Tukajibanza humo tukiumwa na mbung'o, tukijipiga makofi shingoni na kunyamazishana. Serikali ilitutisha ili tupone, nasi tulikimbilia nyumbani kwa ugonjwa wenyewe.

Mume wangu alikuwa fundi baiskeli, kibarazani kwa duka moja pale sokoni. Alianza kwa homa na kuumwa kichwa, tukasema malaria. Kisha mitoki ya shingoni ikavimba. Halafu siku moja nilimpelekea uji nikamkuta ameinamia gurudumu, spana mkononi, amelala fofofo, na mwenye baiskeli kasimama anamtazama. Nilijua. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, kwamba huyu jana alikunywa. Maskini, mume wangu alikuwa Msabato, hata busaa hajui ladha yake! Lakini mlevi haitiwi lori.

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wazee hao hao walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi nilishika ya pili.

Wakati huo nilikuwa nikienda Sindo, kando ya ziwa, kununua samaki, nikilala kwa shangazi yangu. Asubuhi moja nikipita nyuma ya nyumba yake nilimwona mtu amekaa kivulini anashona wavu, amevaa kofia ya sufu na jua linachoma. Akainua uso. Alikuwa jirani yetu, aliyepandishwa lori na ambaye nilimlilia matangani kwa machozi yangu mwenyewe. Nikakaa chini kwenye magamba ya samaki. Nikafungua kinywa nipige ukelele.

"Shemeji, nyamaza," akasema. "Sijafa."

Akavua kofia. Kichwa kilikuwa kipara, nywele ndio kwanza zinachungulia. Kumbe hospitalini kila aliyeingia alinyolewa kwa ajili ya chawa. Walipopona waliachwa Homa Bay, wakaambiwa kila mtu ajitafutie njia ya kwao. Nikamuuliza mbona hakuja nyumbani, mkewe yuko hai, watoto wapo.

"Niingie bomani kwangu na kichwa hiki?" akasema. "Nimzike nani?"

Nilimwelewa mara moja. Mtu akiingia boma lisilo na msiba na kichwa cha msiba, anaualika. Kwa hiyo alingoja nywele ziote, na wengine kama yeye walikuwa wakingoja kisiwani Mfangano kwa wakwe zao. Watu wazima wamepona kabisa wanajificha, na huku nyumbani tunawalia.

Nilirudi mbio nikamweleza mume wangu. Alinisikiliza akisinzia, kisha akaniambia kwa upole kwamba kuona wafu ni dalili ya homa, labda mimi ndiye mgonjwa. Nilimkasirikia, kisha nikaogopa, kwa sababu kabla sijamaliza kukasirika alikuwa ameshalala.

Haikupita muda akaja mama mmoja wa Maendeleo ya Jamii, mgeni, Kiswahili chake kimenyooka kuliko chetu. Hakwenda kwa chifu kwanza. Alinunua samaki, akakaa nasi juu ya gunia, akauliza tunaogopa nini hasa katika lile lori. Tukamjibu kwa adabu, yaani tulimdanganya. Tulisema hatuogopi kitu, ni kazi za shamba tu zimezidi. Akashukuru, akaondoka.

Nilimfuata njiani. Niliogopa, maana nilijua chifu akisikia habari za jirani yangu atamtia ndani kwa kujificha. Lakini mume wangu asubuhi ile alikuwa ametia chumvi kwenye chai na kunifokea kwamba mimi ndiye niliyeitia, yeye ambaye hajawahi kunifokea. Ugonjwa ulikuwa umeanza kuingia kichwani. Nikamwambia yule mama yote: kofia, wembe, Sindo, Mfangano. Nikamwomba asimtaje mtu.

Hakucheka. Aliniuliza, "Lori likiwarudisha hapahapa, mchana, siku ya soko, wakiwa na nywele zao, mumeo atapanda?"

Nikasema sijui. Akasema hata yeye hajui, ila vitisho vimeshajaribiwa na tumeona vimefika wapi.

Sijui aligombana na nani huko hospitalini mpaka wembe ukawekwa kando. Kungoja kulinikondesha. Mchana nilikaa karibu na kibaraza cha mume wangu nikijifanya nauza samaki, lakini nilikuwa nikitazama kifua chake kama kinapanda na kushuka. Kila aliponyamaza nilimwangushia kitu miguuni ili ashtuke.

Kisha soko moja lori likaja bila askari. Watu walikuwa wameshaanza kukimbia dereva alipolisimamisha penye wauza samaki, na waliochukuliwa safari ya nyuma wakaanza kushuka mmoja mmoja, nywele zao vichwani. Waliokuwa wakikimbia wakasimama. Bibi mmoja akamwendea mpwa wake, akamshika masikio, akamuuliza kwa hasira kwa nini hakufa. Hapo ndipo watu walipocheka, wakasogea, wakawagusa.

Mume wangu alitazama yote hayo macho yakimwelemea. Akaweka spana chini, akaenda mezani mwenyewe, akatoa kidole. Nilijua jibu kabla hawajatazama darubini. Akapanda lori bila kusukumwa.

"Nyar Mfangano," akaniita, yaani binti wa Mfangano, ndilo jina alilonipa kwa sababu ya kwetu, "nisubiri hapahapa."

Nikangoja. Yule mama alikuwa amefikiria namna ya kuwarudisha watu. Lakini kutuletea habari zao wakiwa bado hospitalini, hilo hakuna aliyelifikiria. Soko likapita, na jingine, wala neno. Ndipo mchuuzi mmoja kutoka Homa Bay akasema sindano ya uti wa mgongo imemuua mtu wa baiskeli. Hakujua jina. Kwetu mtu wa baiskeli alikuwa mmoja tu.

Mama mkwe alianguka chini. Wanawake wa boma walinikalisha kwenye kigoda nyuma ya nyumba, jua la saa sita, wembe ukaletwa. Nilitetemeka hadi ukanikata juu ya sikio. "Nyathina, mwanangu, tulia," mama mkwe akasema, "msiba ni wetu sote." Sikulia. Kilio kilinikataa, nilikuwa na hofu tupu, hofu ya nyumba, ya kitanda, ya watoto wakiniuliza. Na kutoka sokoni nililetewa habari kwamba watu wameanza tena kusema lori linakula watu, na kwamba likija tena watajificha.

Mjane hatembeitembei kabla ya kutakaswa, nami niliambiwa nisitoke nje ya boma. Lakini siku ya soko honi ililia kule mlimani. Sijui ni nini kilichoniinua. Nilipita katikati ya wanawake wa boma wakiniita, nikapita watu waliokuwa wakikimbilia vichakani wakigongana nami, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikalikimbilia lori lile.

Akashuka wa kwanza, wa pili. Kisha akashuka yeye, mnene, kofia mkononi anaipunga juu ili kila mtu azione nywele zake. Aliyekufa, tulikuja kujua, alikuwa mchuuzi wa mitungi wa upande wa Migori, naye alikuwa na baiskeli, na alikuwa na mke.

Mume wangu alikuwa anatabasamu. Kisha akakiona kichwa changu, na tabasamu likamtoka. Niliona hofu yangu yote imehamia usoni kwake.

"Nani ametutoka?" akauliza, akinishika mabega. "Ni mama? Ni mtoto? Niambie."

"Ni wewe," nikamwambia.

Alinitazama. Akapeleka mkono polepole kwenye nywele zake, akazipapasa. Halafu akachukua ile kofia, akanivika, akaishusha vizuri hadi masikioni.

"Basi twende nyumbani," akasema. "Marehemu ana njaa."