Kaka Alipona Delhi

Watu wakisikia nimewahi kufika Delhi huniuliza kukoje. Nawajibu kuna kelele, basi. Hawaridhiki. Wanataka niwasimulie majumba na masoko, na mimi najua kila nitakachokisimulia kitanirudisha kwa kaka yangu. Kwa hiyo nasema kuna kelele, kisha naomba nipitishiwe chumvi.

Nilikwenda huko kumsindikiza. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mama yetu, mkulima wa Vudee, milimani Upare, na kwa miaka mingi ndiye aliyeisimamia ndiva yetu, lile bwawa la juu ya kijiji linalokusanya maji usiku kucha ili asubuhi yafunguliwe yateremke mashambani kwa zamu. Ini lilikuwa limemharibika. Hospitali za kwetu zilipofika mwisho wa uwezo wao tukaelekezwa India. Mimi nafundisha sekondari Same mjini na Kiingereza hakinipigi chenga, basi ukoo ukaona mimi, ingawa ni mwanamke, ndiye wa kwenda naye. Mkewe akabaki na watoto na ng'ombe.

Delhi ilitupokea kwa moshi na honi. Mimi niliuchukia mji ule tangu dakika ya kwanza. Kaka, pamoja na macho yake ya njano na miguu iliyovimba, alicheka njia nzima. "Kumbe bajaji zina kwao," alisema alipoona zilivyojaa barabarani. Ng'ombe walipita katikati ya magari, naye akawakagua mbavu kama yuko mnadani. Tumbili waliokaa juu ya nyaya za umeme aliwasonya, maana kwetu tumbili ni adui wa mahindi, na adui ni adui hata ugenini.

Siku majibu yalipotoka daktari aliniita peke yangu. Kaka alikuwa chumba cha pili anatolewa damu. Daktari alisema kwa upole kwamba ugonjwa umesambaa, upasuaji hauwezekani tena, na kama tunataka afie kwao nimpandishe ndege haraka, angali anaweza kuketi. Akaniuliza nani atamwambia mgonjwa, yeye au mimi. Nikamwomba anipe nafasi niongee na nyumbani kwanza.

Hapo ndipo tulipoharibu, na nimechagua kusema tulipoharibu, si nilipoharibu, maana sikuwa peke yangu. Kwetu mgonjwa mahututi haambiwi hali yake. Wanaambiwa wazee, wanakaa, halafu wanaamua yeye aambiwe nini. Nilisimama koridoni nikapiga simu. Wazee wa ukoo walikuwa kwa baba mdogo, pamoja na mama, na simu wakaiweka spika.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Lete habari."

Nikazitoa kwa Kipare, maana koridoni pale walipita wagonjwa wengine kutoka Tanzania. Nilimsikia mama akiguna, halafu minong'ono ambayo sikuweza kuifuata. Kisha baba mdogo akarudi.

"Mwambie amepona," alisema. "Mwambie dawa zimemshika, sasa aje apumzike nyumbani. Akijua, moyo utakufa kabla ya mwili, na wewe utabaki na maiti ugenini."

"Lakini si ataona mwenyewe?"

"Ataona akiwa kwake. Tumeshakaa, mwanangu. Na mkewe usimwambie chochote, huyo hawezi kufunga mdomo."

Sikubishana. Nani anabishana na spika iliyojaa wazee? Nikaingia chumbani nikamwambia kaka kwamba amepona.

Alinitazama, akafunika uso kwa mikono miwili, akalia. Akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka wagonjwa wengine wakageuka. Katika dakika ile nilimchukia kila mtu aliyekuwa kwenye ile simu, mama yangu akiwemo.

Nilipomwambia kwamba tunaondoka kesho kutwa, alishangaa. "Haraka ya nini? Mtu amepona, aondoke mbio kama mwizi? Sitakuja tena huku maisha yangu yote, mdogo wangu. Nataka niuone mji." Nikapiga simu tena. Baba mdogo akasema mwache afurahi siku chache, tiketi isogezwe mbele. Watu walioketi milimani wakila makande walikuwa wanalipangia ratiba ini ambalo hata daktari mwenyewe hakulipa ratiba.

Basi tukauona mji. Tulipiga chafya katika soko la viungo, ambako kaka alivunja kipande cha tangawizi, akakinusa na kumwambia muuzaji kwa Kiswahili kwamba ya kwetu inaizidi hii kwa ukali. Muuzaji akaitikia kwa kutikisa kichwa, na wote wawili wakaridhika. Tulikunywa chai barabarani huku bajaji zikitupita karibu na magoti. Alikuwa na furaha ambayo sijawahi kumwona nayo, nami nilikuwa nyuma yake nabeba maji na dawa za maumivu, nimechoka kutabasamu.

Kisha mhudumu wa nyumba ya wageni akamwambia kuna kisima cha kale katikati ya mji, cha ngazi za mawe. Kaka hakutaka kusikia kingine. Akakiita ndiva ya Wahindi.

Ni shimo kubwa refu lililojengewa kuta zenye matao, na ngazi pana zinateremka mpaka chini kabisa, ambako siku hizi hakuna maji, kuna vumbi na njiwa. Kaka alisimama juu akitaka kuona maji yalikuwa yakiingilia wapi. Akaanza kushuka.

"Kaka, angalia kutoka hapa."

"Kwa nini?"

"Utachoka."

"Nichokeshwe na nini? Si umesema nimepona?"

Jibu nilikuwa nalo moja tu, na lilikuwa limekatazwa. Akashuka, mkono mmoja ukutani. Kule chini aliinama akaipapasa sakafu, akanipigia kelele kwa Kipare kwamba watu hawa waliijua kazi, sasa maji yao wameyapeleka wapi? Halafu akageuka kupanda. Hakufika hata katikati. Alikaa, akainamia pembeni, akatapika damu. Vijana waliokuwa wakijipiga picha ndio walionisaidia kumbeba.

Hospitali ilisema sasa hakuna ndege itakayokubali kumchukua. Alilala pale amezungukwa na mipira ya dawa, mji ukiendelea kupiga honi nje ya dirisha, na asubuhi moja akaniita nisogee.

"Mdogo wangu, nisamehe."

"Nikusamehe nini, kaka?"

"Mungu ameniponya, mimi nikaenda kujiua kwa ukaidi. Wewe ulinikataza. Nimewaacha watoto kwa sababu ya kutaka kuona shimo." Akapumzika kidogo. "Waambie nyumbani ni mimi. Wasikulaumu."

Nilifungua mdomo. Sentensi moja ingemtua mzigo ule. Lakini sentensi hiyohiyo ingemwambia kwamba hakupona hata siku moja, na kwamba sisi sote, mpaka mama yake, tulimdanganya. Nilikuwa bado napima lipi zito zaidi alipofumba macho. Mchana wa siku ile alifariki.

Tulimzika Vudee. Baba mdogo alisimama mbele ya waombolezaji akanishukuru kwa kutunza siri ya wazee, akisema marehemu amekwenda na amani, na wazee wenzake wakaitikia. Nilimfuata baadaye nyuma ya nyumba nikamwomba sasa mjane na watoto waambiwe ukweli. Akasema wameshalia, usiwalize upya.

Kwa hiyo wao wanajua walichoambiwa: baba aliponywa India, akachezea uzima wake kwenye ngazi. Mwanawe mkubwa hataki hata kumtaja. Na kila nikipanda Vudee, wifi yangu hunikaribisha, hunipa chai, hukaa mbele yangu na kuniuliza swali lilelile.

"Alikuwa amepona, wifi. Sasa alishuka kufuata nini?"