Lori Jekundu na Chai ya Saidi

Siku yangu ya kwanza kazini nilimuua shujaa kabla ya muda wake. Alianguka, nikatangaza kwenye spika, "Huyu ndiyo basi, ndugu zangu, mwombeeni." Palepale akasimama, akaanza kupiga watu. Banda zima likanigeukia. Nikasema, "Huyu pacha wake." Walicheka mpaka bosi akanipa kazi ya kudumu.

Kazi yenyewe ilikuwa kutafsiri filamu kwenye banda la video, Mosimboa, kaskazini mwa Msumbiji, karibu na bandari. Msinione msomi. Shule niliiacha darasa la nne, na Kireno changu kinatosha kuomba maji na kuomba msamaha. Kiingereza sijui, Kichina ndiyo kabisa. Unashika maiki, unapunguza sauti ya filamu, unaangalia midomo, halafu unawapa watu maneno. Tuliita kujaza. Mtu akiongea kirefu na wewe umemjazia neno moja, wateja wanakuzomea. Kwa hiyo unaupima mdomo kama fundi anavyopima suruali.

Mwenye banda alitokea upande wa Lindi. Tulimwita Patrau, kama matajiri wanavyoitwa kwa Kireno. Alikuwa na sheria moja. "Spika," aliniambia, maana jina langu la kwetu lilishakufa, "mimi sitaki ukweli, nataka wacheke. Aliyelia leo, kesho harudi."

Filamu iliyotulisha ni moja ya wezi wa dhahabu. Jina lake halisi sikuwahi kuliweza, sisi tuliita Lori Jekundu. Wezi wanavamia benki, wanapakia dhahabu, wanafukuzwa na polisi, lori linaruka daraja lililokatika. Sasa, mwanzoni kabisa wanampiga risasi mlinzi wa mlangoni. Anafungua mdomo, anasema kitu, anakufa. Nimjazie nini? Mbele pale mkekani alikaa rafiki yangu Saidi, mlinzi wa ghala la mchele bandarini. Ukigonga geti la Saidi, hata uwe nani, atakujibu, "Wanangu, ngojeni nimalize chai." Nikampa mlinzi maneno hayohayo, kwa sauti ya Saidi, ile ya puani. Banda likainuka! Saidi mwenyewe akajitupa chali mkekani: "Jamani, nimekufa!"

Tangu hapo kila filamu ile ikiwekwa yupo mbele, na akitoka anauliza watu, "Leo nimekufaje?"

"Leo umekufa vizuri, bwana. Juzi ulilegea."

Wahakiki walikaa nje, mlangoni. Vijana walisema filamu haina kasoro. Mwalimu wa madrasa alisema inafundisha wizi, halafu akanivuta pembeni: "Hivi lile lori lilivuka?" Mzee mmoja aliyestaafu forodha alisema uongo mtupu, lori la dhahabu lipite vituo vyote hivyo asitokee mtu wa kuomba chochote? Aliyeichukia kweli ni mmoja tu, Zaituni, mke wa Saidi, aliyekuwa akiuza vitumbua palepale mlangoni.

"Filamu mbaya," alisema. "Mtu anauawa, hakuna hata mmoja anayeuliza kwake ni wapi."

"Shemeji, tukiuliza hivyo filamu haiendi."

"Basi isiende."

Halafu vita ikaingia mjini. Tulikimbia, banda likachomwa. Saidi aliambiwa na tajiri wake asiache geti, hakuliacha. Alikutwa palepale, ameshauawa. Kule Pemba tulikokimbilia, Pemba ya Msumbiji siyo ya Zanzibari, kijana mmoja alinihadithia jinsi Saidi alivyowaambia wale wavamizi wamngoje amalize chai. Alihadithia vizuri, na mikono juu. Nikamuuliza, "Ulikuwepo?" Hakuwepo. Alikuwa ameona filamu tu.

Baadaye nikapata banda jingine Palma, la vibarua wa mradi wa gesi kule Afungi. Msimamizi wa pale, tukimwita Shefe, alinitaka nitafsiri hata mpira, eti na wachezaji nao wana midomo. Lori Jekundu nilimwambia limeharibika, halisomi. Diski yake ilikuwa nzima, mfukoni mwangu tangu siku tuliyokimbia.

Watu walipoanza kurudi Mosimboa, nami nikarudi. Patrau hakurudi. Bosi mpya alikuwa kijana mwenye televisheni pana kama mlango. "Mzee Spika, wateja wanataka Lori Jekundu."

"Imechuja ile."

"Imechuja wapi, mzee? Wanaiomba kila siku."

Nikaenda kwa Zaituni, nikamweleza. Aligeuza vitumbua vyote kwanza, kimoja kimoja. "Iweke," akasema. "Nitakuja. Sijamsikia muda mrefu."

Akaja baada ya adhuhuri, akakaa mbele. Mlinzi akafungua mdomo. Mimi wangu ukagoma. Nikabaki nimekumbatia maiki kama mtoto aliyepatwa na homa. Vijana wa nyuma wakajaza wenyewe, kwa kelele: "Ngojeni nimalize chai, mbwa nyie!" Wakagongeana mikono. Ndivyo wanavyompenda siku hizi, mlinzi jasiri anayetukana wauaji wake.

Zaituni akasimama mbele ya televisheni.

"We mama, toka kwenye kioo!"

Hakutoka. "Mmekosea," akasema. "Hakuwa na matusi yule. Alikuwa anasema 'wanangu'."

Nyuma yake wezi walikuwa wanapakia dhahabu, hakuna aliyewaangalia. Akanigeukia. "Sema wewe, shemeji."

Bosi akairudisha filamu nyuma. Nikasema, kwa sauti ya puani. "Wanangu, ngojeni nimalize chai." Hakucheka hata mtu mmoja. Patrau angenifukuza hapohapo.

Hakukuwa na haja. Niliweka maiki kwenye kiti nikatoka na Zaituni, na huko ndiko kustaafu kwangu. Sherehe sikufanyiwa, ila kitumbua nilipewa.

Sasa kila mtu anatazama filamu kwenye simu yake, anacheka peke yake kama mwenye pepo. Wengine wananisimamisha njiani: Mzee Spika, eti Lori Jekundu ilikuwa nzuri? Nawaambia lori zuri, daraja zuri, wezi wamevaa vizuri. Ila mlinzi anakufa mapema mno, na mpaka mwisho hakuna anayeuliza kwake ni wapi.

Kwake ni nyuma ya soko la samaki, mlango wa buluu. Mkewe yupo.